Maneno Matatu Kabla ya Sahihi

Kazi yangu ni kutafuta maneno. Mtu akiniletea karatasi ya Kifaransa naigeuza iwe ya Kiswahili, akiniletea ya Kiswahili naipeleka upande wa pili, na kati ya pande hizo mbili nimelea watoto watatu na kuharibu macho. Watu wa Bukavu hawaiheshimu sana kazi hii, maana kila mmoja anaamini kwamba lugha zote anazo. Mjini kwetu mtu anaanza sentensi kwa Kiswahili, anaipitisha kwenye Kifaransa, akikasirika anatia Kilingala, na akikasirika kabisa anarudi kwenye Mashi ya mama yake. Ukimwambia mtu huyo kwamba kuna neno moja limekushinda siku tatu nzima, anakuona mvivu.

Neno lililonishinda mimi linajulikana mjini hata na asiyejua Kifaransa. Ni approuvé. Liko chini ya kila karatasi. Ukiandikisha mtoto shuleni, ukipangisha nyumba, ukipokea unga wa msaada, kabla ya kutia sahihi unaambiwa uandike kwa mkono wako mwenyewe maneno matatu: lu et approuvé. Nimesoma na nimekubali. Mwanasheria mmoja aliwahi kuniambia kwamba maneno hayo mara nyingi hayana lazima yoyote, sahihi peke yake inatosha. Ni desturi tuliyoachiwa na Wabelgiji, nasi tukaipenda kuliko wao. Huenda ni kweli. Lakini jaribu kupeleka karatasi isiyo nayo kwenye ofisi yoyote ya hapa, uone kama hutarudishwa.

Asiyeweza kuyaandika anapewa modeli. Modeli ni kipande cha karatasi ambacho mwenye kujua kalamu anakuandikia yale maneno kwa herufi kubwa, nawe unayafuata herufi kwa herufi. Nimeona wazee wakitoka jasho juu ya zile p mbili zinazofuatana. Nimeona mwanamke mmoja akiandika kuanzia kulia, akafika salama. Hakuna anayeona ajabu kwamba mtu asiyejua kusoma anaandika kwa mkono wake kwamba amesoma. Hata mimi sikuona ajabu, na mimi ndiye mwenye kazi ya maneno.

Siku hizi ofisi nyingi mjini zimepunguza kazi, na mimi nina nafasi ya kukumbuka mambo ambayo zamani nilikuwa nayapita mbio. Hili nalikumbuka hata nisipotaka.

Baba yetu alipokufa aliacha shamba Mumosho, kwenye mteremko unaotazama mto Ruzizi. Halikuwa kubwa. Lilikuwa na migomba, mihogo, sehemu ya maharage, na mstari wa mikaratusi upande wa jirani. Mama alikuwa amelilima tangu alipoolewa akitoka Walungu, na baba alipokufa aliendelea kulilima kama vile hakuna kilichotokea. Nilimchukua aje kukaa kwangu mjini, upande wa Panzi, akakubali kwa sharti moja: msimu wa kupanda ukifika anakwenda, na msimu wa kuvuna ukifika anakwenda. Alikuwa akipanda pikipiki alfajiri, jembe limefungwa kwa kamba nyuma ya dereva, naye amekaa ubavu kama wanawake wa zamani.

Msimu mmoja wa mvua pikipiki iliteleza, akaumia nyonga. Alikaa kitandani majuma sita. Katika majuma hayo sita kaka yangu mkubwa nami tuliamua kwamba shamba liuzwe. Kaka anafanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani. Ni mtu mwema, ana sauti kubwa, na anaamini kwamba jambo likishapigwa muhuri limekuwa jema. Alisema tutauza, tutamjengea mama chumba chake chenye dirisha nyuma ya nyumba yangu, naye atapumzika. Nilisema sawa. Tuliamua kwa ajili yake, kama watoto waliosoma wanavyoamua kwa ajili ya wazazi wao, yaani yeye akiwa chumba cha pili.

Kimila mwana wa kiume angeweza kuuza bila mama. Lakini mnunuzi alikuwa mtu wa kujihadhari, mfanyabiashara wa vitunguu mwenye asili ya Minova, na alitaka mkono wa mama uwe kwenye karatasi kwa sababu mama ndiye aliyeonekana shambani miaka yote. Hapo kaka akaitisha baraza la familia nyumbani kwake, Jumapili baada ya misa, wakati wa kiangazi. Tulikuwa mama, kaka, mimi, mnunuzi, na baba mdogo mmoja aliyekuja kuwa shahidi na kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Kaka alisoma waraka wote kwa Kifaransa. Alisoma vizuri, kwa ile sauti yake ya mpakani, na kila alipofika kwenye neno zito alinyanyua kidole. Alipomaliza alimgeukia mama.

“Maman, ni mambo ya shamba ya Mumosho. Tunapanga ili ikuwe sawa.”

Mama akaitika kwa kichwa. Hapa lazima nieleze kitu. Miaka mingi nyuma, baba akiwa hai, jirani alisogeza mikaratusi yake hatua tatu ndani ya shamba letu, na chifu akaandika waraka wa mipaka, na waraka ule ndio uliorudisha zile hatua tatu. Mama hakuwahi kuona waraka mwingine wa shamba. Kwake yeye karatasi ya shamba ilikuwa kitu kinacholinda shamba. Kaka alidhani mimi nimekwisha kumweleza mama yaliyomo, kwa kuwa analala kwangu. Mimi nilidhani kaka amemweleza, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye mwenye jambo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisimulia baadaye, na si uongo, ila si yote.

Ilipofika zamu yake mama akashika kalamu, akaniangalia. Yeye anasoma Kiswahili cha kitabu cha sala, taratibu, kwa kidole. Kifaransa hakijui. Nikachana kipande cha karatasi nikamwandikia modeli.

“Hii maneno inasema nini?” akaniuliza.

“Ni maneno ya kawaida, maman. Kila mutu anaandikaka.”

Hilo ndilo jibu nililolitoa. Nimelipima mara nyingi tangu siku ile. Sikujua kwa hakika kwamba haelewi, lakini nilijua kiasi cha kuharakisha. Niliona jinsi alivyokuwa ametulia, na mtu anayeuza shamba lake hatulii hivyo. Kama ningelieleza, angelikataa. Angelikataa, ningelirudi naye nyumbani na nyonga yake na jembe lake, na mwezi wa tisa ningelisimama tena barabarani alfajiri nikiitazama pikipiki inavyoondoka. Nilikuwa nimechoka kuogopa. Basi nikamwonyesha mahali pa kuanzia.

Aliandika kwa muda mrefu. Baba mdogo alimaliza kikombe chake akajaziwa kingine. Mama alizichora zile herufi moja moja kama alivyofundishwa na masista alipokuwa msichana, akatia na nukta mwishoni, nukta ambayo mimi sikuiweka.

“Iko muzuri?”

“Iko muzuri sana, maman.”

Mnunuzi alikuwa ametazama haya yote kwa makini. Akamuuliza kaka, kwa adabu, kama kweli maman ameelewa. Kaka akacheka.

“Papa, hapa kwetu tuko na traducteur! Binti yake mwenyewe njo amemuonyesha. Unataka nini tena?”

Watu wote wakacheka, nami mtafsiri nikacheka nao.

Chumba kilijengwa haraka. Kilikuwa na dirisha kama tulivyoahidi, na mama alikisifu, akahamishia humo kitanda chake na picha ya Bikira Maria na mfuko wake wa mbegu. Mwezi wa tisa ulipokaribia alianza kuchambua maharage. Ana namna yake ya kuzijaribu mbegu: anachukua moja hapa na moja pale, anaing’ata, anasikiliza jinsi inavyokatika, kisha anazimwaga zote ndani ya maji na kutupa zinazoelea. Nilimwona akifanya hivyo jioni mbili mfululizo, nikajiambia kwamba ni mazoea tu ya mikono. Asubuhi ya tatu nilipoamka hakuwepo.

Alirudi kabla ya saa sita. Jembe lilikuwa safi. Akakaa kwenye kiti cha jikoni na mfuko wake wa mbegu miguuni.

“Kuna batu mu shamba yangu,” akasema. “Banakata ndizi.”

Nikamwambia, “Maman, tuliuzisha.”

“Nani aliuzisha?”

“Siye. Na weye uliandika.”

“Niliandika nini?”

Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, bugali jikoni. Nikamwambia aliandika kwamba amesoma na amekubali. Alikuwa haonyeshi hasira; alikuwa anafikiri, kama mtu anayejumlisha kichwani na hesabu inakataa.

“Lakini miye sisomake Kifaransa.”

“Ndiyo, maman.”

“Na weye unajua.”

“Ndiyo.”

Aliinuka, akanipokonya mwiko maana bugali lilikuwa linaungua, akaligeuza mwenyewe. Juma zima hakulitaja shamba. Tulikula pamoja, tulisali rozari pamoja, alinikumbusha kununua sabuni. Mimi mjinga nikaona limekwisha. Kumbe siku ya nane alikwenda Mumosho peke yake, kwa miguu mpaka njia panda na kwa pikipiki sehemu iliyobaki, akafika kwa chifu, akaweka mashtaka.

Kaka alipopata habari alikuja nyumbani akipumua kama aliyesukuma gari.

“Maman anatushitaki? Miye nitakuwa mutu wa kwanza pa mpaka mwenye kushitakiwa na mama yake?”

“Sikushitaki weye,” mama akamjibu. “Nashitaki ile karatasi.”

Sikujua kama nicheke au nilie. Nilichojua ni kwamba mama alikuwa anataka shamba lake lirudi, na kwamba alikuwa na haki.

Juma lile lile, nikiwa nasubiri siku ya baraza, ofisi ninayoifanyia kazi ilinipa orodha ya maneno. Walitaka fomu zao zote ziwe na Kiswahili, ili watu wa vijijini waelewe wanachotia sahihi. Wazo lilikuwa zuri, sikuwa na la kulipinga. Neno la kumi na kitu kwenye orodha lilikuwa approuvé.

Kwa kawaida ningeliandika “nimekubali” na kusonga mbele. Safari hii sikuweza. Nilifungua kamusi kubwa ya Kifaransa, ile inayoeleza kila neno limezaliwa wapi, nikakuta kwamba approuver limetoka Kilatini, na ndani yake mna neno la zamani lenye maana ya kitu chema, kitu cha kutegemewa. Kutokana na hilo wakapata kitendo cha kujaribu kitu uone kama ni chema kweli. Kwa hiyo anayesema approuvé hasemi tu ndiyo. Anasema: nimekijaribu, nimekikuta ni chema. Wale Walatini walikuwa wanamwelezea mtu anayefanya kama mama anavyofanya na mbegu zake, kung’ata kwanza, kusifu baadaye.

Nikaenda kwenye maneno yetu. Kukubali kumetoka kwa Waarabu, kwao ni kupokea. Unapokea unacholetewa, hakuna aliyekuuliza kama umekionja. Ofisini tulikuwa na mwenzetu Mwislamu ambaye familia yake ilitoka Kasongo, mtu mwenye subira na mwandiko mbaya. Nikamuuliza kuhusu idhini. Akaniambia idhini ni neno lenye mzizi mmoja na sikio. Sikio, adhana, idhini, kwa Kiarabu ni jamii moja. Anayetoa idhini, akasema, ni kama ametega sikio kwanza; ombi limeingia, ndipo jibu linatoka. Nilimwomba arudie. Akarudia, akanitolea na karanga.

Na Mashi yetu? Kuyemera. Mshi akisema ameyemera amekubali, na neno hilo hilo ndilo tunalosalia Nasadiki kanisani. Kwetu kukubali na kuamini ni kitu kimoja. Nilikaa na maneno hayo mezani kwangu, la kujaribu, la kupokea, la kusikia, la kuamini, nikaona kwamba mama alikuwa ameandika la kwanza bila kujaribu, bila kusikia, kwa kuwa alikuwa na lile la mwisho. Aliniamini mimi. Nilipata aibu kiasi kwamba nilitoka nje nikasimama uani mpaka mtu wa zamu akaniuliza kama naumwa.

Niliandika kwenye orodha: nimesoma, nimeelezwa, nimeridhia. Mkubwa wa ofisi alifuta lile la katikati kwa sababu halikuwemo kwenye Kifaransa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo lazima lijulikane. Wakati ule nilikuwa nimepeleka maombi niapishwe kuwa mtafsiri wa mahakama. Nilikuwa nimengojea miaka. Mtafsiri aliyeapishwa ana muhuri wake mwenyewe, na anachoandika kinasadikiwa bila kuulizwa. Faili langu lilikuwa limefika hatua ya kuchunguzwa tabia, kama mwombaji ni mkweli katika karatasi. Mama alikuwa analijua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa ameanza novena kwa ajili yake, sala za siku tisa, akimaliza moja anaanza nyingine, na katika wakati wote ule wa mashtaka hakuiacha hata siku moja.

Siku ya baraza tulikwenda Mumosho wote: mama, kaka, mimi, na mnunuzi kwa gari lake. Tulikaa kwenye benchi chini ya bati, nje ya nyumba ya chifu. Chifu alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kabla ya kuanza alituita pembeni mama nami, akatueleza kwa upole kama mtu anayetaka jambo liishe vizuri.

“Mambo iko nyepesi,” akasema. “Maman aseme tu nani alimupa modeli, na aseme kama hakuna mutu alimufasiria. Akisema vile, ile karatasi navunja leo, shamba inarudi, na batoto yake watapatana na mununuzi. Lakini nitaandika jina ya mwenye alitoa modeli. Na rapporti inapandaka kwa tribunal.”

Mama akauliza, “Tribunal gani?”

“Ya Bukavu, maman. Iko moja.”

Ndiyo mahakama iliyokuwa na faili langu. Mama akaniangalia kidogo, kisha akarekebisha kitenge chake begani, tukarudi kwenye benchi.

Baraza la kule lina desturi yake. Kila upande ukishasema, chifu anauliza mara tatu kama kuna mwenye neno. Anauliza mara ya kwanza, anangoja. Anauliza mara ya pili, anangoja. Akiuliza mara ya tatu na watu wakanyamaza, basi wote waliopo wamelikubali jambo, na hakuna anayeweza kurudi kesho kusema hakuwa amekubali. Kimya cha mara ya tatu kina nguvu kuliko karatasi. Hata watoto wanaijua sheria hiyo.

Mnunuzi alieleza upande wake, kwa ufupi na bila matusi. Kaka alieleza upande wetu, kwa urefu. Kisha chifu akanyanyua ule waraka ili mama auone.

“Maman, hii maandiko iko yako?”

Angeweza kukana. Nusu ya watu pale walikuwa wanangoja akane.

“Iko yangu.”

“Nani alikuonyesha vya kuandika?”

Kuku alipita chini ya benchi. Mama alikuwa ameweka mikono yake magotini, ile mikono yenye kucha zilizovunjika, na alikuwa anaitazama. Mimi nilikuwa nimekaa kushoto kwake, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.

“Hakuna,” akasema. “Nilisoma miye mwenyewe.”

“Kifaransa?”

“Kidogo. Ile ya kutosha.”

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Chifu alivua miwani yake. Alikuwa amemjua mama miaka thelathini. Alijua kama mimi nilivyojua. Kaka aliinamisha kichwa. Yule mnunuzi wa vitunguu, ambaye ndiye aliyekuwa anapewa ushindi, alionekana kama mtu aliyepewa kitu kisicho chake.

“Maman alisoma, maman alikubali,” chifu akasema polepole. “Kuna mwenye neno?”

Akangoja.

“Kuna mwenye neno?”

Mara hii alikuwa ananiangalia mimi, wazi, hakuficha. Neno nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo kwa Kifaransa, kwa Kilatini, kwa Kiarabu, kwa Kiswahili na kwa Mashi. Lilikuwa jepesi kabisa: ni mimi, sikumweleza. Shamba lingelirudi siku ile ile, na migomba iliyokatwa ingelichipua. Nilifikiria muhuri wangu. Sitaki kusema kwamba nilifikiria nyonga ya mama, ingawa baadaye niliwaambia watu hivyo, na wengi wakanielewa. Nilifikiria muhuri.

“Kuna mwenye neno?”

Karani wa chifu alingoja kidogo, kisha akaandika.

Mnunuzi alimfuata mama tukiwa tunatoka, akamwambia viazi vitamu vilivyobaki ni vyake, aje avune wakati wowote. Mama alimshukuru, akamuuliza habari za watoto wake. Kaka aliondoka na mnunuzi kwa gari. Mama hakutaka gari, alisema litamtapisha, kwa hiyo sisi wawili tukashuka kwa miguu mpaka barabarani kungoja pikipiki. Tulipita kando ya shamba. Hakugeuza uso kulitazama, wala hakuharakisha.

Barabarani nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, “Maman, unisamehe.”

“Juu ya nini?”

“Ile modeli. Na leo. Ni miye.”

Alikuwa anatazama upande pikipiki zinakotokea. Sauti yake haikuwa na ukali. Aliniambia kama anavyomwambia mtoto kwamba chakula kimekwisha na sufuria imeoshwa.

“Kama ulikuwa na neno, ungelisemea kulee.”

Kisha akanyoosha mkono, akasimamisha pikipiki ya kwanza, akapanda.